Huko Australia dhahabu ni pikiniki ya Jumamosi. Ukirudi na mashine, uliza leseni kwanza

Na Mwandishi Wetu

UKIMKUTA mzee wa miaka sabini amevaa spika za masikioni, ameshika mpini mrefu wenye sahani mwishoni, anatembea polepole porini huku akiipeleka sahani ile kushoto na kulia kama anayefyeka nyasi, usidhani amerukwa na akili. Katika jimbo la Victoria, kusini mashariki mwa Australia, hiyo ni shughuli ya kawaida ya mwisho wa wiki. Mzee yule anatafuta dhahabu.

Wala hayuko peke yake. Nyuma ya miti yuko mkewe, yuko jirani yake fundi magari, yuko mwalimu wa shule ya msingi na wajukuu wawili wenye beseni za plastiki. Wote ni wanachama wa klabu. Wamelipa ada ya mwaka, wametangaziwa tarehe ya matembezi, wakapakia mahema, majiko ya gesi, soseji na mikate, wakaja kupiga kambi karibu na miji midogo kama Dunolly, Tarnagulla au Wedderburn, eneo ambalo wenyewe wanaliita Pembetatu ya Dhahabu. Jumapili jioni watafungasha warudi mjini, na Jumatatu kila mmoja ataamkia kazini kwake.

Kwa msomaji wa huku kwetu, ambaye neno dhahabu linamkumbusha duara lililoporomoka, dalali, askari na zebaki, habari ya watu wanaotafuta dhahabu ili kujifurahisha inaweza kusikika kama utani. Lakini habari hii inatuhusu. Tangu miaka ya 2000 Australia imepokea familia nyingi za Warundi na Wakongo zilizotoka katika kambi za wakimbizi za Tanzania. Baadhi ya watu hao sasa wanarudi nyumbani, wengine kwa likizo, wengine moja kwa moja. Na ndani ya sanduku la aliyerudi, pamoja na viatu vya watoto na simu za zawadi, inaweza kuwamo mashine ile ile ya yule mzee. Wapo pia ambao hawajawahi kufika Australia lakini wanaitaka mashine hiyo waiuze mpakani.

Mashine ni ile ile. Kinachotofautiana ni karatasi iliyomo mfukoni mwa anayeishika, na karatasi hiyo ina historia yake.

Dhahabu ya Victoria ilianza kutangazwa mwaka 1851. Ndani ya muda mfupi watu walimiminika kutoka Ulaya, Marekani na China, wakajazana Ballarat na Bendigo. Serikali ya kikoloni ikaweka leseni ya shilingi 30 kwa mwezi, na ilibidi ilipwe hata kama mchimbaji hajaona hata chembe. Polisi waliwasaka wasio na leseni kati ya mashimo, mara nyingi kwa dharau kubwa. Wachimbaji wadogo wa Mubende, Geita au Ituri wakisoma habari hii hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Mwishoni mwa mwaka 1854 wachimbaji wa Ballarat walichoma leseni zao, wakajenga boma la magogo mahali palipoitwa Eureka. Alfajiri ya Desemba 3 askari wakalivamia. Wachimbaji zaidi ya 20 walikufa, na askari kadhaa pia. Watu 13 walifikishwa mahakamani kwa kosa la uhaini, lakini mabaraza ya wazee wa mahakama, yaliyotokana na raia wa kawaida, yakakataa kuwatia hatiani. Mwaka uliofuata, 1855, leseni ile ya kila mwezi ikafutwa. Badala yake ikaja hati iliyoitwa Haki ya Mchimbaji, kwa pauni moja kwa mwaka, na mwenye hati hiyo akapata pia haki ya kupiga kura.

Hati hiyo ipo hadi leo, kwa jina lile lile. Inagharimu chini ya dola 30 za Australia, na inadumu miaka 10. Ukiwa nayo unaruhusiwa kutafuta dhahabu kwa zana za mkono na mashine ya kutambua madini katika ardhi kubwa ya serikali, na ukipata kitu, ni mali yako. Huko pia madini yaliyo ardhini ni ya dola. Tofauti ni kwamba dola imekubali kumwachia mwenye hati kile atakachokiokota.

Masharti yapo. Hifadhi nyingi za taifa haziingiliki. Shamba la mtu halikanyagwi bila ruhusa yake. Baruti na matrekta ni marufuku, miti haing'olewi, na maeneo ya urithi wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, hayaguswi. Kila shimo lazima lifukiwe. Hili la kufukia klabu zinalisimamia kwa ukali, kwa sababu mashimo matatu yaliyoachwa wazi yanatosha kuwafanya wenye mashamba wa wilaya nzima wafunge mageti yao.

Matembezi yenyewe huendaje? Msimu mzuri ni miezi ya baridi, udongo ukiwa laini na nyoka wakiwa wamelala. Kiangazi zipo siku ambazo serikali hutangaza marufuku kamili ya moto, na siku hizo hata kijiko cha chai hakichemshwi kwa kuni. Wanachama hufika Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi. Mwenyekiti huwakumbusha mipaka ya eneo, mahali palipo na maduara ya kale ambayo midomo yake imefunikwa na nyasi, na saa ya kurudi kambini. Kisha wanatawanyika. Kila mtu ana siri yake ya mahali pa kuanzia, na hapo urafiki husimama kwa muda.

Anayeanza hufundishwa na mkongwe. Kwanza anaonyeshwa jinsi ya kuosha mchanga kwa karai: kutikisa ili kizito kishuke, kuinamisha ili maji yachukue chepesi, kurudia mpaka ubaki mchanga mweusi na, Mungu akijalia, chembe ya njano kwenye ukingo. Kazi hii mama wa Migori anaifanya haraka kuliko mwanaklabu yeyote, na anaifanya mtoto akiwa mgongoni. Tofauti ni kwamba yeye mara nyingi humalizia kwa zebaki mikono mitupu, na wale wa klabu hawaigusi kabisa.

Watoto wana mchezo wao. Viongozi hufukia vipande vya chuma vyenye namba katika uwanja, watoto na wazee wakashindana kuvitafuta kwa mashine, na kila namba ina zawadi yake: betri, kofia, pengine kipande kidogo cha dhahabu halisi. Yapo pia mashindano ya kuosha karai, ambapo kila mshindani hupewa mchanga uliotiwa idadi sawa ya chembe, na anayezitoa zote kwa muda mfupi ndiye mshindi. Ukidondosha chembe moja unaongezewa muda wa adhabu.

Jioni moto huwashwa. Hapo ndipo huwekwa meza ya kuonyesha kilichopatikana, na meza hiyo ndiyo inayosema ukweli kuhusu mchezo huu. Imejaa misumari, viatu vya farasi, risasi za kale, vifungo, sarafu za enzi za Malkia Victoria, vizibo na vishikizo vya makopo ya bia. Dhahabu, ikiwapo, ni vipande vidogo vinavyotosha kwenye kisoda. Mtu anaweza kutembea kwa siku nyingi bila kupata hata gramu moja. Ukipiga hesabu ya petroli, mashine na soseji, wengi wao wanakula hasara. Ila hawakuja kwa hesabu hiyo. Wengi ni wastaafu, na wengine ni wajane ambao klabu ndiyo imebaki kuwa familia.

Hata hivyo, ipo tamaa kidogo, na ina sababu. Februari 5, 1869, huko Moliagul, wachimbaji wawili kutoka Cornwall, John Deason na Richard Oates, walikuta bonge la dhahabu la zaidi ya kilo 70 likiwa sentimita tatu hivi tu chini ya ardhi, kwenye mizizi ya mti. Mjini Dunolly hapakuwa na mizani ya kulipima, ikabidi livunjwe juu ya fuawe. Mwaka 1980, karibu na Kingower, mtu mwenye mashine alichimbua bonge la kilo 27, ambalo lilinunuliwa na nyumba ya kamari ya Las Vegas kwa zaidi ya dola milioni moja za Marekani. Na Machi 2023 vyombo vya habari duniani viliandika kuhusu mtu mmoja wa huko huko Victoria aliyeokota jiwe la kilo 4.6 lenye dhahabu kilo 2.6 ndani yake, thamani yake dola 240,000 za Australia, kwa mashine ya bei nafuu isiyofika hata dola 1,500.

Habari ya jiwe moja kama hilo huwatoa nyumbani watu wengi ambao hawatapata kitu.

Mashine yenyewe hufanya kazi hivi. Ndani ya ile sahani kuna waya uliozungushwa. Umeme ukipita hutengeneza nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikuta chuma, risasi, shaba au dhahabu, metali hiyo nayo hutoa nguvu ndogo ya kwake kwa muda mfupi mno, na sahani huisikia, nawe unaisikia masikioni kama mlio. Tatizo ni udongo. Udongo mwekundu wenye chuma, kama ule wa Victoria na kama ule wa Chunya au Karamoja, nao hutoa mlio wake, hivyo mashine ya bei ndogo iliyotengenezwa kwa kutafuta sarafu ufukweni ikifika hapo hupiga kelele tu. Ndiyo maana mashine zilizobuniwa kwa udongo wa Australia zilipata soko kubwa Afrika. Kampuni ya Minelab, iliyoanza Adelaide mwaka 1985, ilijikuta wateja wake wakubwa wamo katika jangwa la Sudan, na baadaye katika nchi nyingi za bara hili.

Na penye soko hapakosi wajanja. Mwaka 2015 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Codan, kampuni mama ya Minelab, iliibiwa michoro ya mashine zake baada ya kompyuta ya mfanyakazi wake kuingiliwa alipotumia intaneti ya hoteli nchini China. Haukupita muda mrefu mashine bandia zikamwagika Afrika, zikiwa na rangi ile ile, maandishi yale yale na boksi lile lile, na kampuni ikalazimika kushusha sana bei ya za kwake ili ishindane na kivuli chake.

Mfanyabiashara wa mpakani anaijua hadithi hii hata kama hajawahi kuisikia, maana imetokea kwenye simu, kwenye betri za sola na kwenye vipuri vya pikipiki. Ila simu bandia inamtia hasara mtu mmoja. Mashine hii mara nyingi hununuliwa kwa mchango wa watu watano au sita, mmoja kauza ng'ombe, mwingine kaweka rehani kiwanja. Kabla ya kutoa fedha, namba ya mashine ilinganishwe na kumbukumbu za mtengenezaji au wakala wake anayetambuliwa. Na usiridhike kwa sababu imelia juu ya sufuria. Zika kipande kidogo cha risasi ya kuvulia samaki, urefu wa kiganja chini ya udongo mwekundu wa mahali utakapofanyia kazi, uone kama itakisikia. Muuzaji akikataa jaribio hilo, umeshapata jibu.

Sasa tuje kwa ndugu yetu aliyerudi. Kule Bendigo alikuwa na hati ya miaka 10 na klabu yake. Hapa anashuka na mashine, anakumbuka kilima cha nyuma ya kijiji ambacho babu alisema kina dhahabu, na Jumamosi anakwenda na wanawe, kama alivyozoea. Kosa lake linaanzia hapo.

Katika orodha ya leseni za Tanzania, Kenya na Uganda hakuna leseni ya kutafuta dhahabu kwa burudani. Tanzania, chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na marekebisho ya 2017, inatoa leseni ndogo ya uchimbaji kwa eneo lisilozidi hekta 10, kwa miaka saba, kwa raia wa Tanzania tu. Julai 2025 nchi hiyo ilikwenda mbali zaidi, ikatangaza orodha ya biashara ambazo wageni hawaruhusiwi kuzifanya, na uchimbaji mdogo wa madini umo. Kenya ina kibali cha mchimbaji mdogo chini ya sheria ya mwaka 2016, kwa Wakenya. Uganda ilitunga sheria mpya mwaka 2022 na kumtambua mchimbaji wa mikono, naye awe Mganda. Congo, kwa sheria ya mwaka 2002 iliyorekebishwa 2018, inamtaka mchimbaji wa mikono awe Mkongo, awe na kadi, na afanye kazi katika eneo lililotengwa kwa ajili hiyo.

Angalia neno linalojirudia humo: raia. Aliyerudi na pasipoti ya Australia ajiulize kwanza yeye ni nani mbele ya sheria. Burundi, Rwanda, Kenya na Uganda zinakubali uraia wa nchi mbili, ingawa nyingine zina taratibu za kufuata ili utambuliwe. Tanzania haikubali kwa mtu mzima. Katiba ya Congo ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kikongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Kwa hiyo Mkongo aliyeapa kuwa raia wa Australia, akaja kuchimba kwenye mto wa ukoo wake huko Fizi au Mwenga, anaweza kuambiwa kwamba ni mgeni anayechimba bila haki. Mashine inaweza kuishia mikononi mwa wengine hata kabla suala hilo halijafika kwa hakimu.

Njia iliyo salama zaidi ni ya kuelewana na mwenye leseni halali. Mwenye mashine huingia kwenye eneo la mwenye leseni, hupita juu ya magwangala na marudio ambayo wengine wameyatupa, na kinachopatikana kinagawanywa kwa kiwango walichokubaliana. Makubaliano hayo yaandikwe, na mashahidi wawepo. Mdomo hausaidii dhahabu ikishaonekana, hasa sasa ambapo bei ya dunia imepanda mno. Oktoba 2025 wakia moja, yaani gramu 31 hivi, ilivuka dola 4,000 za Marekani.

Kuuza nako kuna mahali pake. Tanzania ilianzisha masoko ya madini mwaka 2019, la kwanza likiwa Geita, na mwenye kipande halali anakipeleka huko kikapimwa na kulipiwa kodi. Kukifunga kwenye kanga na kuvuka nacho mpaka ni biashara nyingine. Nchi 11 za Maziwa Makuu zilikubaliana Lusaka, Desemba 2010, kwamba dhahabu ya eneo hili iambatane na cheti cha kuonyesha ilikotoka. Utekelezaji unasuasua, sote tunajua, lakini anayekamatwa bila karatasi ni yule mwenye gramu chache. Mwenye kilo hupita kwa mlango mwingine.

Lipo jambo moja ambalo klabu za Victoria hazina haja ya kulifikiria, na sisi tunalo. Mashine haijui tofauti kati ya dhahabu na guruneti. Kampuni ile ile ya Minelab hutengeneza mashine za wategua mabomu, kwa elimu ile ile ya sahani na mlio. Rwanda ilitangaza kumaliza kutegua mabomu ya ardhini mwaka 2009, Burundi mwaka 2011 na Uganda mwaka 2012. Lakini tangazo la mabomu ya kutegwa halina maana kwamba kila kombora lililoanguka bila kulipuka limeokotwa, na mashariki mwa Congo vita vinaendelea kuongeza mengine. Mwanaklabu wa Dunolly akisikia mlio anachukua sururu anapiga. Huku, katika mahali palipowahi kuwa na mapigano au kambi ya askari, sururu iwekwe chini kwanza. Waulizwe wazee wa pale, na udongo uondolewe taratibu kutoka pembeni. Kikionekana chuma cha mviringo chenye kutu, kisiguswe hata kama mlio wake ni mtamu namna gani; pawekwe alama na polisi wapewe taarifa. Watoto wasiwe karibu, hata kama huko Australia ndio waliokuwa wa kwanza kushika mashine.

Kwa aliye njiani kurudi, mashirika ya ndege hutaka betri za lithiamu za akiba zipakiwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiwe kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Sahani na mpini huonekana vibaya kwenye mashine ya ukaguzi, basi usingoje kuulizwa. Ukifika forodhani itaje kwa jina lake, na risiti ya dukani iwe mkononi.